Jibu: Ile sigara ya umeme haina mvuke wa maji tu

Jambo mama. Unauliza kama kikohozi cha kijana wako kinatokana na sigara ya umeme, naye anakuambia ni mvuke wa maji wenye harufu ya embe. Si maji. Anza na boksi lake, usome namba. Ikiandikwa 5%, ni kama miligramu 50 za nikotini, ile dawa ya tumbaku inayomfunga mtu, kwa kila mililita. Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya 20. Mdogo wangu, hapa Birere, alikuwa na hiyo ya 5%. Asubuhi, macho bado yamefumba, mkono tayari unaipapasa chini ya mto. Tulipomnyima siku mbili akawa mkali, usingizi hakuna. Tukajua imemshika.

Kisha muulize kwa upole kama anavuta yenye bangi. Mwaka 2019 Marekani watu zaidi ya 2,000 walilazwa kwa mapafu kuharibika, wengi kwa kuvuta ile ya bangi iliyochanganywa na mafuta ya vitamini E. Pumzi ikimkata au kifua kikimbana, hospitali leo leo. Na kikohozi kikipita wiki mbili, apimwe pia kifua kikuu, usiilaumu sigara peke yake.

Chupa ya akiba, ile ya nikotini ya kujazia, ifiche: mtoto mdogo akiinywa ni sumu.