Deni nimelipa, naweza kudai nionyeshwe walichonacho kunihusu?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Nipo Nachingwea. Mwezi wa sita nilikopa kwa programu ya simu nipate hela ya salfa ya mikorosho. Nilichelewa kulipa, wakamtumia meseji mjomba wangu aliyeko Mtwara, mwalimu wa mwanangu, hata fundi baiskeli, kwamba mimi ni tapeli. Deni nimemaliza na programu nimeifuta. Je, bado wana taarifa zangu? Naweza kudai wanionyeshe?

JIBU: Pole sana, dada. Kufuta programu kunaondoa kilichomo kwenye simu yako tu. Ulipobonyeza “Ruhusu” siku ile ya kwanza, majina na namba ulizohifadhi zilinakiliwa kwenda kwenye seva yao, yaani kompyuta yao ya kuhifadhi taarifa, na huko hujazigusa. Tangu 2023 duka la Google limezikataza programu za mikopo kusoma majina ya simu, kwa hiyo nadhani wewe uliipakua kwa linki uliyotumiwa. Usirudie.

Kuonyeshwa ni haki yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuruhusu kumuuliza anayekusanya taarifa: mna nini kunihusu, mnakitumia kwa kazi gani, na mmempa nani? Waandikie kwa maandishi, taja namba uliyojisajilia, weka tarehe, tunza nakala. Wengi huanza na “futeni kila kitu”. Usianzie hapo. Wakifuta kabla hawajakuonyesha, ushahidi wako umekwenda nao, nawe utauhitaji, kwa sababu sheria hiyohiyo inakuruhusu kudai fidia. Ona kwanza, kisha dai wafute.

Wakinyamaza, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Yanapokelewa mtandaoni, huna haja ya kupanda basi. Angalia pia orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni iliyotolewa na Benki Kuu Novemba 2024. Ukiikuta ya kwako humo, Benki Kuu ina tawi Mtwara mjini, wapelekee habari.

Jambo moja watu hulisahau, nami linaniuma: mjomba, mwalimu na fundi hawakukopa wala hawakubonyeza “Ruhusu” popote. Namba zao ni taarifa zao, na ruhusa yako haiwezi kusimama badala ya ridhaa yao. Kila mmoja anaweza kulalamika Tume kwa jina lake mwenyewe. Waombe wasizifute zile meseji, wazipige picha ya skrini, namba iliyotuma na saa vionekane.