Mwalimu alisoma St. Mary's au alifundisha?

SWALI: Mhariri shikamoo. Kijiweni hapa Tabora tunabishana kila siku, jamaa yangu anasema Nyerere alisoma St. Mary's, mi nasema alisoma Tabora Boys. Nani yuko sahihi? Msomaji, Cheyo

JIBU: Marahaba. Wewe umepatia, ila mwenzio naye hajakosa sana. Tabora Boys ilikuwa ya serikali, Mwalimu alisoma pale kuanzia 1937, halafu akaenda Makerere, alivyomaliza akarudi Tabora na ndo akafundisha St. Mary's, shule ya mapadri wa White Fathers, tangu 1946 mpaka 1949 alipoondoka kwenda kusoma Edinburgh. Na shule ya serikali nayo ilimtaka! Akachagua ya mapadri, alikokaribishwa na Padri Richard Walsh, ambaye baadae alimsaidia pia hiyo safari ya Uingereza.

Maisha ya shule za misheni enzi hizo wazee wanayajua: kengele alfajiri, misa, darasani, jioni jembe au mpira. Baada ya uhuru serikali ikazichukua shule nyingi za dini, ndo maana siku hizi ukiuliza St. Mary's utaelekezwa shule ya Milambo, ndo jina lake la sasa. Jamaa yako akunywishe chai tu.