Legeza Mkono kwa Mchoro Mmoja Kila Siku

Wengi wanaoanza kuchora hapa Mombasa hukimbilia Fort Jesus. Siwalaumu, ngome ile waliyoijenga Wareno kati ya 1593 na 1596 inavutia macho. Lakini kama shida yako ni mkono mgumu, ngome itazidi kuukaza. Kuta zake ndefu zinadai mistari iliyonyooka, nawe utatafuta rula kabla hujafika nusu ya ukurasa. Mkono hulegezwa na kitu kisichokungoja.

Ndiyo maana kila anayeniuliza aanzie wapi humwambia ajiwekee changamoto: mchoro mmoja kila siku, dakika zisizozidi kumi, mwezi mzima. Jambo hili si geni. Jake Parker, mchoraji wa Marekani, alianzisha Inktober mwaka 2009, na mpaka leo watu wa nchi nyingi huchora kwa wino siku zote 31 za Oktoba. Huna haja ya kungoja Oktoba, ila huo wino uchukue. Wino haufutiki, na ufutio ndio unaowafunga wengi mikono: unachora sikio, unalifuta, unalirudia, na mwenye sikio keshaenda zake. Nunua kalamu ya biro na daftari la bei nafuu. Daftari la bei ghali utaliogopa.

Marikiti asubuhi kuna mahamali na mikokoteni yao, Likoni kuna watu wanaoshuka kwenye feri. Kote huko nenda. Lakini kwa anayeanza, mimi naona hakuna mwalimu kama muuza kahawa wa Mji wa Kale. Analiinua dele, analiinamisha, kikombe kinajaa, analirudisha kwenye makaa, na baada ya muda kidogo mteja mwingine anafika. Mkao ukikuponyoka, utarudi tu.

Anza na mstari mmoja kutoka kisogoni, uushushe mgongoni hadi pale alipokalia benchi. Mstari wa pili uwe mkono, tangu begani mpaka mdomo wa dele, bila kuinua kalamu. Vidole viache. Uso uache pia. Mchore kwa nusu dakika, kisha mchore upya kwa dakika moja, halafu kwa mbili, uangalie unaongeza nini kila muda unapozidi. Mwingine atakimbilia kivuli, mwingine mikunjo ya kikoi. Hapo ndipo utaanza kuuona mtindo wako, nami hufurahi sana nikiona mtu ameutambua wake.

Kalamu ishike mbali na ncha, mkono utembee kutoka begani badala ya kifundo. Siku mkono ukikataa kabisa, chora kikombe huku umekikazia macho chenyewe, bila kutazama karatasi hata mara moja mpaka umalize ukingo wote. Kitatoka kimepinda, na kiache hivyo hivyo. Faida ya zoezi hili ni jicho kujifunza kwenda polepole pamoja na kalamu.

Tafadhali, adabu. Mji wa Kale ni makazi ya watu, kwa hiyo toa salamu kabla ya kutoa daftari, na usimchore mama wa watu bila ridhaa yake. Mzee akitaka kuona, mpe aone, hata kama mchoro ni mistari mitatu. Mara nyingi atakaa vizuri zaidi umchore tena.

Mwezi huo usiitie michoro mtandaoni. Ukishaanza kuwaza watu watasemaje, mkono unarudi kukaza. Geuza ukurasa, andika tarehe, na ungoje wiki iishe ndipo uitazame yote kwa pamoja. Na ukikosa siku, usichore miwili kesho yake kulipa deni. Chora mmoja wa siku hiyo, uendelee.