Neno "bien" lilinigharimu doti ya kanga

Juzi dada mmoja msomaji wangu kaniandikia amevimba. Mpenzi wake yuko Brussels, kamtumia meseji ya Kifaransa: "Tu me manques." Dada anajua "tu" ni wewe, "me" ni mimi. Akajumlisha kwa Kiingereza, akapata "You miss me." Akanuna siku mbili: nani kamwambia kuwa nimemmisi?

Dada, hakuna majivuno hapo. Mfaransa humtanguliza yule anayekosekana, kama sisi tunavyoweza kusema "umenipungukia." Kwa Kiingereza ni "I miss you," basi. Kaka wa watu ana upweke, wewe unamnunia.

Sikucheki, maana mimi nililipa ada kubwa zaidi.

Mwaka 2017 nilikuwa nahangaika na makontena bandarini Dar, mizigo ya Lubumbashi inayopitia Tunduma. Mteja mmoja, mwanadada wa huko, tukazoeana. Kiswahili anacho, tena kitamu, lakini usiku mmoja akaniandikia Kifaransa: "Je t'aime bien." Niliifungua ile meseji mara kumi. "Je t'aime" hata mtoto anaijua. "Bien" nilishasikia ni vizuri. Nikajitafsiria: "I love you well." Ananipenda, tena kisawasawa!

Kesho yake nikaingia Kariakoo, nikanunua doti ya kanga nyekundu iliyoandikwa "Nimekuchagua wewe, wengine wa nini." Nikamkabidhi dereva wa lori. Jibu likaja: "Merci, tu es gentil." Asante, wewe ni mwema. Hilo nalo nikalihesabu kuwa mahaba.

Miezi minne baadaye nikajiunga na darasa la Kifaransa, nijiandae kwa wakwe. Mwalimu akaandika ubaoni "Je t'aime," chini yake "Je t'aime bien," akachora mshale unaoshuka. Hii ya pili, akasema, Mwingereza angesema "I like you." Unamwambia rafiki, unamwambia hata jirani. Shati liliniganda mgongoni. Nikainama, nikajifanya nachonga penseli.

Sisi "kupenda" ni neno moja, na ukiongeza "sana" penzi linapanda. Mfaransa naye analo moja, "aimer," lakini akimwambia mtu na kuongeza "bien," mara nyingi hata "beaucoup," penzi linashuka. Sentensi ikiwa tupu ndiyo nzito. Kwa hiyo vijana, acheni kutafsiri neno kwa neno. Muulizeni aliyekua na lugha yake. Mnakimbilia simu, mnakimbilia kujibu, kisha mnalia. Narudia: neno kwa neno, hapana! Leo barua za wateja wa Kongo nazisoma mwenyewe, simsumbui mtu.

Basi dada, mjibu: "Toi aussi, tu me manques." Usiandike "moi aussi," utakuwa umesema anayekosekana ni wewe. Na siku akikutumia "je t'aime" yenye mkia, niandikie kabla hujaenda Kariakoo.