Ramani moja ya mafuriko na migogoro: je, inafaa?

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya maafa katika kata mojawapo iliyo kando ya Mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam. Tumepata mfadhili anayetaka kututengenezea programu ya simu itakayopokea taarifa za mafuriko pamoja na za ugomvi unaozuka wakati wa kugawa misaada, na taarifa zote zionekane papo hapo kwenye ramani iliyo wazi kwa kila mtu. Kwa sasa tunategemea kundi la WhatsApp, nalo limejaa uvumi. Je, tukubali?

JIBU: Ndugu Katibu, msaada upokeeni, lakini msikubali mambo hayo mawili yawekwe kwenye ramani moja. Taarifa ya maji yanayopanda huokoa watu wengi zaidi kadiri inavyosambaa. Taarifa kwamba vijana wa mtaa fulani wanajikusanya kwa hasira, kinyume chake, huongeza hatari kadiri inavyosambaa, kwa sababu anayetajwa huipokea kama tuhuma na jirani yake huipokea kama mwito wa kujiandaa. Mfumo wa kupokelea unaweza kuwa mmoja, na namba ya kupelekea ujumbe ikawa moja, ila baada ya kupokelewa taarifa hizo zipite njia mbili zenye kanuni tofauti kabisa.

Wenzetu wa Kenya wamepitia yote mawili. Jukwaa la mtandaoni liitwalo Ushahidi liliundwa Januari 2008, katika vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ili kukusanya taarifa za mashuhuda na kuziweka kwenye ramani ya wazi. Wakati huo matangazo ya moja kwa moja yalikuwa yamepigwa marufuku, na uwazi ule ulijaza pengo halisi la habari. Mwaka 2010, kuelekea kura ya maoni ya katiba, jukwaa la amani la Uwiano lilitumia namba ya bure, 108, ambako ujumbe wa wananchi ulipokelewa na dawati, ukachambuliwa, kisha ukapelekwa kwa watu walioweza kwenda kusuluhisha. Kwa upande wenu wa migogoro, mfano wa kufuata ni huo wa pili. Taarifa iishie kwa watu wachache waliokubaliwa na pande zote, kwa mfano mwenyekiti wa mtaa, wajumbe wa mashina, viongozi wa dini na polisi kata. Jina la mtoa taarifa litenganishwe na maelezo yake tangu dakika ya kwanza, na mahali patajwe kwa mtaa tu, kamwe si kwa nyumba.

Kwa upande wa mafuriko, nawashauri muanze na ujumbe mfupi wa maandishi kabla ya programu. Programu huhitaji simu janja, bando na chaji, na mara nyingi umeme hukatika mvua kubwa inaponyesha. Ujumbe mfupi huhifadhiwa na mtandao hadi simu ipatikane, na hupita hata pale ambapo kupiga simu kumeshindikana kwa msongamano. Huduma ya menyu, ile inayoanza kwa nyota na kuishia na alama ya reli, hudai mawasiliano yasiyokatika hadi mwisho, kwa hiyo itumieni wakati wa kiangazi kuandikisha wakazi, msiitegemee usiku wa mafuriko. Namba fupi za huduma hutolewa na TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, na utaratibu wake huchukua muda. Anzeni mapema, masika yakiwa bado mbali.

Kuna jambo dogo ambalo watengenezaji wengi hulisahau. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, lakini ikiingia hata alama moja isiyo katika orodha ya kawaida ya simu, nafasi hiyo hushuka hadi 70. Kiswahili chetu kinaenea vizuri katika herufi 160, isipokuwa kompyuta ikigeuza kistari cha juu katika neno kama “ng'ambo” kuwa kile kilichopinda. Hapo tahadhari moja huweza kugawanyika vipande viwili au vitatu, gharama ikapanda, na kipande cha kwanza kikafika bila kile kinachoeleza pa kukimbilia. Mwambieni fundi wenu asafishe alama hizo kabla ya kutuma.

Msimbazi huanzia vilima vya Pugu na kumwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Selander. Kwa hiyo wakazi wa juu, kama wa Ulongoni, huweza kuona maji kabla hayajafika Kigogo au Hananasif. Watafuteni waangalizi huko, muwekeane alama za rangi kwenye nguzo za madaraja, na ujumbe wao utaje rangi na saa. Utabiri wenyewe waachieni Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ninyi ongezeni njia ipi haipitiki na watu waelekee wapi. Ramani ya msingi mnayo tayari: tangu 2015 mradi wa Ramani Huria umechora mitaa na mifereji mingi ya jiji hili katika OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, na data yake ni ya bure.

Kuhusu uvumi, kundi la WhatsApp msilivunje, kwa kuwa watu wamelizoea. Libadilisheni ili wasimamizi pekee waweze kuandika, na kila taarifa ibebe saa pamoja na hali yake: haijathibitishwa, imethibitishwa, au si kweli. Taarifa ithibitishwe na watu wawili walio mahali tofauti, kwani watu wawili waliosoma ujumbe uleule ni shahidi mmoja tu. Aliyetuma ajibiwe, hata kama jibu ni kwamba bado mnafuatilia. Asiyejibiwa hatatuma tena, na jambo hilo huua mifumo hii kuliko hitilafu yoyote ya mitambo.

Kabla ya kusaini, mwulizeni mfadhili data itahifadhiwa wapi, nani ataifungua, na namba za simu zitafutwa lini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, hivyo mkataba ueleze ni kamati au ni mfadhili atakayebeba jukumu hilo. Akikataa kuliandika, msimpe orodha ya wakazi.