Mbona chanjo ni bure na panadol tunanunua?

Swali hilo tunaulizwa sana kwenye vijiji vya Bahi na Chamwino, mkoani Dodoma, na mimi silioni kuwa la kijinga. Mama amembeba mtoto mwenye homa hadi zahanati, akaandikiwa dawa akanunue dukani. Juma linalofuata tunamfuata hadi mlangoni na matone ya polio, hajaomba, na hatumdai hata mia. Wewe usingeshtuka?

Kwa mliochaguliwa juzi kuwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ushauri wangu ni huu: ukisikia uvumi, tafuta swali lililomo ndani yake, ulijibu hilo. Kwenye hili la bure, mimi huanza kwa kukubali kwamba dawa kukosekana ni kero ya kweli, na mkutano wa kijiji ndio mahali pa kuisemea. Kisha naeleza kwamba chanjo hulipiwa na serikali na wafadhili, na kwamba polio haikai nyumba moja. Mwaka 2022 mtoto mmoja alithibitika kuwa nayo Malawi, nasi huku tukaanza kupita mlango kwa mlango.

Gumu zaidi ni la chanjo ya wasichana ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Maneno ni yale yale: eti wanafungwa kizazi. Wenzetu wengi wanaona haya kutamka "kujamiiana" mbele ya wazee, basi wanaishia kusema ni chanjo ya afya ya binti, na uvumi unapata pa kuingilia. Sema wazi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, karibu yote hutokana na kirusi cha HPV kinachoambukizwa kwa kujamiiana, kwa hiyo kinga inafaa itangulie. Na dozi je? Usisubiri kuulizwa. Mwaka 2018 tulianza na mabinti wa miaka 14 kwa sindano mbili. Mwaka 2024 ikawa moja, kwa wa miaka 9 hadi 14. Mzazi anayeona mabadiliko bila maelezo atasema mwanawe anafanyiwa majaribio. Mwambie tafiti zimeonyesha moja inatosha.

Shuleni, angalia uji. Sitanii. Januari na Februari, ghala likiwa tupu, watoto wengi hapa kwetu wanaingia darasani hawajatia kitu tumboni. Ukiwapanga foleni juani, mmoja akaanguka kwa njaa na woga, wenzake watamfuata, na jioni kijiji kizima kitasema sindano imeua. Anza baada ya uji, kivulini, na kila aliyechomwa akae robo saa. Woga wa sindano hauchagui mtu: Ali Maow Maalin wa Somalia, ambaye mwaka 1977 alikuwa wa mwisho duniani kuupata ugonjwa wa ndui kwa maambukizi ya kawaida, alikuwa mpishi wa hospitali aliyekwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Baadaye yeye mwenyewe akawa anazunguka kuwashawishi wazazi kuhusu polio.

Nyumbani, msalimie bibi kwanza. "Mbukwenyi," salamu ya Kigogo, halafu kaa. Mkamwana ndiye anayembeba mtoto, lakini ruhusa iko kwa bibi. Mpe kichupa cha chanjo akishike. Bibi mmoja alikigeuza, akakikazia macho, akaniuliza, "Mwanangu, kwa jua hili la Dodoma, haijaharibika?" Nikamwonyesha alama kwenye lebo: duara lenye mraba mweupe katikati. Joto likiipata dawa, mraba unakoza. Ukifanana rangi na duara, tunatupa. Akawaita majirani waje waone. Tangu hapo naionyesha kila ua, hata nisipoulizwa.

Mama naye aambiwe mapema kwamba baada ya sindano za wiki ya 6 tangu kuzaliwa mtoto anaweza kuchemka usiku au paja likavimba kidogo. Asiyeambiwa atarekodi sauti usiku huo huo na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp, na sauti hiyo itafika Kongwa wewe hujatoka kitandani.

Na mgambo waacheni ofisini kwa mtendaji. Mama aliyetishwa hamrudishi mtoto kwa dozi ya wiki ya 10. Mlango ukifungwa, andika kwenye daftari, urudi jioni baba akishatoka shamba.