Kabla hujachapa kitabu, uliza maboksi yatalala kwa nani

Chumbani kwangu hapa Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuna maboksi tisa. Sita yako chini ya kitanda. Matatu yamepangwa kando ya dirisha, mke wangu ameyafunika kwa kitambaa cha kufuma na kuweka redio juu yake. Mgeni akiingia anadhani ni meza. Mimi najua kwamba redio hiyo imekalia nakala 120 za kitabu changu cha kwanza, nilichochapa mwaka 2017, na usiku wa mvua huamka kupapasa maboksi gizani nione kama yamelowa. Wanaoijua mvua ya Bukavu watanielewa.

Vijana huniletea miswada na kuniuliza, "Mwalimu, kitabu changu ni kizuri?" Siku hizi mimi nawauliza kwanza: kisiponunuliwa, maboksi yatalala kwa nani? Baadhi hununa, wakidhani nakwepa kusoma. Lakini nimekuwa mwandishi, kisha kwa miaka mitatu nikasaidia kusoma miswada katika nyumba ndogo ya uchapishaji hapa mjini, na pande zote mbili nimeona jambo lile lile. Mwenye kauli ya mwisho ni yule ambaye maboksi yatalala kwake. Ukishamjua, majibu mengi uliyoyaona kama dharau yanaanza kueleweka.

Nianze na ujinga wangu. Kitabu kile cha kwanza nilikigharamia mwenyewe. Kuchapa hapa kulikuwa ghali, kwa hiyo nikapanda basi hadi Kampala, Nasser Road, mtaa ambao karibu kila mlango una mashine ya kuchapa, iwe ni kadi za harusi au mabango ya uchaguzi. Nilitaka nakala 300. Mchapaji akanipigia hesabu juu ya kipande cha boksi: nakala 300, dola 4.50 kila moja. Nakala 500, dola 3.40, nakala 1,000, dola 2.30. "Wewe ongeza pesa kidogo tu," akaniambia, "unapata vitabu mia saba juu." Nikapiga hesabu mara mbili. Ilikuwa kweli: dola 1,350 kwa nakala 300, dola 2,300 kwa nakala 1,000. Nikakopa kwa shemeji dola 950 zilizopungua.

Mchapaji hakunidanganya. Katika mashine za ofseti gharama kubwa iko mwanzoni: kutengeneza pleti, yale mabamba yanayobeba maandishi, kuzifunga, kuharibu karatasi kadhaa mpaka wino utulie. Pleti ni zile zile ukitoa nakala 300 au 1,000, ndiyo maana bei ya nakala moja inashuka. Ila yeye ni mchapaji, si mchapishaji. Anauza karatasi yenye wino, na ukishamlipa, maboksi si yake tena. Mchapishaji mzoefu angeniuliza ninauza wapi, kwa nani, kwa muda gani. Mimi nilikuwa mchapishaji wa nafsi yangu, na swali hilo sikujiuliza.

Maboksi 25 yalivuka Ruzizi, mto wa mpakani na Rwanda. Ya dwani, tunavyoita forodha hapa, sitayaeleza, yana makala yake.

Kisha ikaja vernisaji. Nje ya Kongo huenda wakaita uzinduzi, lakini sisi tunajua mambo yake: ukumbi wa kukodi, viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa, kwaya, hotuba tatu na baba wa kitabu, mheshimiwa anayenunua nakala ya kwanza kwa bei ya kuwatia wengine aibu. Wangu alitoa dola 100. Watu wakapiga makofi, mwingine akapanda na 50, na baada ya saa mbili zilikuwa zimekwenda nakala 127. Usiku ule nilimwambia mke wangu kwamba deni la kaka yake litakwisha kabla ya Pasaka.

Mwezi uliofuata niliuza nakala 11.

Ilinichukua muda kuelewa. Wale 127 hawakununua kitabu. Walinichangia mimi, kama unavyochangia harusi ya mtoto wa jirani, na hakuna anayechangia harusi ile ile mara mbili. Wengi hawajakifungua hadi leo; mmoja alinipongeza kwa "tenzi" zangu wakati kitabu ni hadithi. Siwalaumu, pesa yao ndiyo iliyolipa nusu ya deni. Lakini mwandishi anayekuja kwa mchapishaji akisema "nitauza elfu moja, kwenye vernisaji peke yake niliuza mia moja" ameshajipunguzia heshima mezani. Mchapishaji atataka kujua ni wangapi walinunua bila kukujua.

Hapo ndipo maduka yanapoingia. Muuza vitabu hapa hanunui kwako, anapokea kwa mali kauli: unamwachia nakala kumi, anakulipa zikiuzwa, zisipouzwa unarudi kuzibeba zikiwa zimepauka kwa jua la dirishani. Na kwa kila kitabu kinachouzwa anakata asilimia 30 au hata 40. Niliona ni unyang'anyi mpaka nilipokaa upande wa pili wa meza na kuandika hesabu ya kitabu cha dola 10. Duka linachukua 3.50. Mchapaji 2.80. Usafiri na dwani senti 70. Mwandishi, mrabaha wa asilimia 10, dola 1. Zinabaki dola 2, na ndani yake utoe mhariri, mpanga kurasa, mchoraji wa jalada, nakala za bure za magazeti na redio, na vitabu vitakavyolowa. Tajiri hapo ni nani? Nilitafuta sikumwona.

Katika nyumba ile ya uchapishaji kuna kikao sikisahau. Tulikuwa watu wanne, chai ya maziwa, miswada mitano na pesa ya kitabu kimoja. Mmoja ulikuwa riwaya ya binti mmoja kuhusu mama yake, muuza samaki kando ya ziwa. Mpaka sasa sijasoma hapa Bukavu maandishi yaliyonishika namna ile. Mwingine ulikuwa mwongozo wa kurasa 90 wa jinsi mwanafunzi wa chuo anavyoandika kazi yake ya mwisho: namna ya kuchagua mada, kupanga sura, kunukuu. Uandishi wake mkavu kama muhogo wa kuanikwa. Nilipigania riwaya kwa robo saa. Mkuu wa nyumba alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Papa, mwakani wanafunzi wangapi watalazimika kuandika kazi ya mwisho?" Maelfu. "Na wangapi watalazimika kusoma riwaya?" Nikanyamaza.

Tukachapa mwongozo. Nilirudi nyumbani nimeudhika. Lakini mwongozo ule ulichapwa tena, kisha tena, na faida yake ndiyo iliyolipa riwaya ya yule binti miaka miwili baadaye. Hilo mwandishi aliyekataliwa haambiwi: wakati mwingine hujakataliwa, umewekwa kwenye foleni nyuma ya kitabu kitakachokulisha. Kosa letu lilikuwa kutomwambia. Aliishi miaka miwili akidhani hajui kuandika, na mimi niliyeisoma riwaya yake nikitokwa machozi sikumpigia hata simu.

Jambo jingine linalowaumiza waandishi ni kukatwa kurasa. Chukua karatasi moja, ikunje mara tatu, uhesabu: utapata kurasa 16. Vitabu vingi hutoka mashinini kwa mafungu ya namna hiyo. Riwaya ya binti ilipopangwa ilifika kurasa 164. Mafungu kumi ni 160. La kumi na moja linakupeleka 176, na unalipia kurasa 12 tupu. Tukamwomba apunguze kurasa nne. Alidhani tunachukia sura fulani. Nilipomkunjia karatasi mbele yake akacheka, akarudi baada ya siku mbili na kurasa 159. Kwa hiyo mhariri akikuambia "punguza kidogo," muulize kama ni kwa ajili ya hadithi au ya karatasi. Ya karatasi unaweza kuyajadili: herufi ndogo kidogo, mistari miwili zaidi kwa ukurasa. Ya hadithi, lala nayo usiku kwanza.

Kuhusu barua za wachapishaji wa Ufaransa niseme upesi. Ukipeleka muswada na baada ya siku tisa ukapokea jibu kwamba kamati imevutiwa sana, soma mkataba kuanzia nyuma. Mimi nilipata mmoja ulionitaka ninunue nakala 50 za kitabu changu mwenyewe, huku bei yake ikiwa euro 19. Hapo maboksi yalikuwa yamepata pa kulala tena, kwangu. Angalia pia haki unazotoa ni za miaka mingapi na kwa lugha zipi. Kama umeandika kwa Kifaransa, toa Kifaransa, Kiswahili baki nacho. Tuna sheria ya haki za mwandishi tangu tarehe 5 Aprili 1986, lakini siku ya ugomvi kitu cha kwanza kitakachofunguliwa mezani ni mkataba uliousaini.

Na lugha yenyewe? Niliwahi kupendekeza mkusanyiko wa hadithi kwa Kiswahili. Swali la kwanza likawa: Kiswahili cha nani? Cha sokoni Kadutu, au kile cha Dar es Salaam ambacho watoto wetu wanakisikia kwenye nyimbo? Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika katiba ya 2006, lakini ingia nyumba kumi za mtaani kwangu, vitabu vya Kiswahili utakavyokuta ni Biblia na kitabu cha nyimbo. Wengine kikaoni waliona hilo kuwa dalili kwamba hakuna soko. Mimi naona msomaji yupo, amezoea kusoma kwa sauti, akiwa amesimama na wenzake. Basi hadithi zangu nimeziandika fupi, za kusomeka kwa dakika kumi mbele ya watu. Tutaona.

Safari hii siendi Nasser Road nikiwa na ndoto. Nina daftari. Ndani yake naandika majina, si namba: mtu na jina lake na pesa aliyotuma kwa simu, maana tangu benki zilipofungwa hapa mapema 2025 hata wazee wamejifunza kutuma kwa simu. Anayesema "nitakulipa mwisho wa mwezi" simwandiki, hata akiwa pasta. Nitachapa kwa mashine ya dijitali, nakala 150. Kila moja itagharimu zaidi, na maboksi yatakuwa manne, moja halijajaa.

Mpaka jana usiku daftari lilikuwa na majina 83. Nangoja yafike 120 ndipo nipige simu kwa mchapaji. Mke wangu ameshaniuliza redio itakaa wapi maboksi ya dirishani yakiisha.